Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu PS, Xbox na Switch

Mimi sio fundi na siuzi kitu, ni mcheza gemu tu wa Dar ambaye alianza na zile kaseti za njano za PolyStation (konsoli feki ya gemu za zamani), akaenda PS2 ya kibandani, na mpaka leo hajapona. Inbox yangu imejaa maswali yaleyale ya konsoli (mashine za kuchezea gemu, kama PS yani PlayStation) kila wiki kwahiyo nimeona niyaweke yote sehemu moja, ukiniuliza tena ntakutumia hapa. Majibu ni maoni yangu, kuna ambayo hutakubaliana nayo na ni sawa tu.

## Ya kuanzia

Sijawahi kumiliki konsoli, nianze na ipi?

Kabla ya kuniuliza mimi waulize washkaji zako wa mtaani wana nini. Natania kidogo ila sio sana. Konsoli huku kwetu hununui peke yako, unanunua na mtaa, maana diski utaazima kwa jirani, pedi ya pili utaazima kwa jirani, fundi utaelekezwa na jirani na siku ukikwama ada ya mtoto utamuuzia huyohuyo jirani. Ukinunua kitu ambacho hakuna mwingine anacho ndani ya kilomita tano hata kiwe na nguvu namna gani utakaa nacho kama mkiwa.

Kwa watu wengi wa Bongo jibu linaishia PS4 au PS5. Mfuko mdogo chukua PS4 Slim iliyotumika ambayo haijateseka, mfuko mnene chukua PS5 yenye sehemu ya diski. Nimesema yenye diski, na kwanini nimesisitiza utaona kwenye swali la diski au kushusha (download).

PS4 si ya 2013, haijapitwa na wakati?

Imepitwa ndio, ila swali ni imepitwa kwa nani. Gemu kibao kubwa mpya haziji tena PS4, hilo ukubaliane nalo mapema. Lakini mpira bado upo, FC 26 ya mwaka 2025 (FC ndio ile FIFA iliyobadilishwa jina) imetoka mpaka PS4, alafu nyuma yake kuna miaka zaidi ya kumi ya gemu ambazo we hujazigusa hata moja. Mtu ambaye hajacheza God of War ya 2018, Red Dead Redemption 2, Spider-Man, Uncharted 4 na Bloodborne ananiambia PS4 haina gemu, namwangalia tu.

Zipo aina tatu. Ile nene ya kwanza, Slim ya 2016 na Pro ya 2016. Namba ya modeli iko nyuma au chini, CUH-1 ni nene, CUH-2 ni Slim, CUH-7 ni Pro. Mimi napenda Slim, haili umeme sana na haipati joto sana. Pro ni nzuri kama una TV ya 4K ila nyingi zikikaa muda zinaunguruma kama kijenereta cha saluni.

Na PS5, zipo ngapi na nichukue ipi?

Ilitoka Novemba 2020 ikiwa mbili, ya diski na ya dijitali. 2023 ikaja iliyopungua mwili, watu wanaiita Slim, ina TB 1 wakati ile ya kwanza ilikuwa na GB 825 ambazo ukiwasha unakuta unazoweza kutumia ni kama 667 tu. Novemba 2024 ikaja Pro kwa dola 699 kule Marekani, na kwa bei yote hiyo haina sehemu ya diski, unanunua pembeni. Mimi hapo nilicheka kwa uchungu.

Chukua ya kawaida yenye diski. Pro ni kwa mtu ambaye anaona tofauti ya manyoya ya farasi akiwa amekaa mita tatu kutoka kwenye TV, mimi macho hayo sina.

Xbox Series S nimeiona bei nzuri kuliko PS5, kuna shida gani?

Mashine haina shida, ni ndogo, haina kelele, inabebeka kwenye begi la mgongoni. Shida haina diski kabisa, kila kitu unashusha, na ile ya kawaida ina GB 512. Kama una faiba nyumbani na unalipia Game Pass (usajili wa Xbox wa kucheza gemu kibao) kila mwezi hiyo ni raha tupu nakwambia ukweli. Kama unaishi kwa bando la simu usiiguse, utaishusha gemu moja alafu bando la mwezi limeisha tarehe nne. Na tena urudi kwenye swali la kwanza, nani mtaani kwako ana Xbox?

Switch je?

Nintendo Switch ya 2017 naipenda kuliko ninavyokubali mbele za watu. Unacheza kwenye daladala (kama una roho ngumu), umeme ukikatika unaendelea na chaji, na kaseti zake hazina mambo ya nchi, ya Japan, ya Ulaya, zote zinaingia. Gemu zake zenyewe za Nintendo ni ndogo, nyingi hazifiki hata GB 20, hilo kwa mtu wa bando ni kubwa sana.

Ubaya ni bei ya gemu. Mario Kart 8 Deluxe ya 2017 mpaka leo inauzwa kama imetoka jana. Na ukinunua Switch Lite ujue haiungi kwenye TV kabisa, nimeshakutana na watu wawili waliogundua baada ya kulipa. Switch 2 ilitoka Juni 2025 na inacheza karibu gemu zote za Switch ya kwanza, ila kuwa makini, baadhi ya kaseti zake ndani hazina gemu, ni funguo tu ya kukuruhusu ushushe. Angalia kava, imeandikwa chini.

PS2 na PS3 bado zina maana?

PS2 ilitoka 2000, zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani na nadhani nusu ya vijana wa umri wangu walijifunza kutukana kwa Kiingereza kupitia hiyo mashine. FIFA ya mwisho kutoka kwenye PS2 ilikuwa FIFA 14. Nunua kwa mapenzi, sio kwa sababu ni rahisi, maana lenzi zimechoka, na TV nyingi mpya hazina tena yale matundu matatu mekundu meupe na njano.

PS3 mimi nairuka. Imekaa katikati, haina utamu wa ukale wa PS2 na haina unafuu wa PS4.

Kile kijiti cha HDMI chenye gemu elfu kumi za 4K?

Hicho ni PolyStation ya kisasa. Ni gemu za zamani za miaka ya themanini na tisini zimewekwa kwenye kadi ya memori, nyingi zimejirudia kwa majina tofauti, na hiyo 4K ni maandishi tu kwenye boksi. Kwa mtoto wa miaka sita ni sawa. Ila usimwambie mtoto umemletea PlayStation, watoto wa siku hizi wanajua.

## Kununua bila kulia

Mpya au iliyotumika?

PS4 kwa sasa karibu zote utakazokutana nazo zimetumika hata kama boksi limefungwa nailoni vizuri. Nailoni inauzwa Kariakoo kwa roll, msinitishe na nailoni.

Mimi mwenyewe nilipigwa. Nikaenda fremu moja, jina naacha, nikapewa PS4 "mpya kabisa kaka, hata waranti ipo", nikafika nyumbani nikaiwasha ikacheza wiki mbili, alafu ikaanza kuzima yenyewe kila ikifika dakika arobaini. Fundi kufungua ndani kuna vumbi la kutosha kupanda mchicha na skrubu mbili hazipo. Kosa langu mimi, niliiwasha dukani dakika tano tu nikaona picha nikafurahi.

Sasa niangalie nini nikiwa dukani?

Nenda asubuhi, sio jioni duka linafungwa na muuzaji ana haraka. Beba vitu vitatu, diski moja unayojua ni nzima, flashi, na simu yenye bando ya kurusha hotspoti.

Kwanza linganisha namba ya mashine, ile serial, iliyoandikwa kwenye boksi na iliyoko mgongoni mwa mashine. Zikitofautiana boksi ni la mwenzake. Kama hakuna boksi kabisa na muuzaji ni mtu wa mtaani hana risiti, bei imekaa kiajabu, hapo unanunua kesi ya polisi, mwache nayo. Dukani dai risiti ya EFD, sio kwa ajili ya TRA tu, ni kwa ajili yako.

Ingiza diski uitoe, uingize uitoe, mara tatu. Ukisikia inakwaruza au inaitema yenyewe ujue. Shika waya wa HDMI uutikise taratibu pale unapoingilia, picha ikipotea hilo tundu limeshakufa, na kwenye PS4 na PS5 hilo tundu ndio ugonjwa mkubwa. Cheza gemu nzito, sio menyu, dakika thelathini mpaka arobaini, muuzaji akilalamika mnunulie soda. Unganisha intaneti uingie na akaunti yako mwenyewe, hapa ndio wengi wanaruka, kuna mashine zimefungiwa zisiingie onlaini kabisa kwa sababu mwenye nayo wa zamani alifanya ujinga, na hutajua mpaka ujaribu. Mwisho hakikisha akaunti ya aliyekuuzia imefutwa na mashine imerudishwa kama mpya mbele ya macho yako.

Angalia pia na stika za kwenye skrubu. Zikiwa zimetobolewa sio lazima iwe mbaya, inaweza kuwa ilisafishwa, ila uliza ilifunguliwa kwanini na umwangalie usoni akijibu.

Pedi orijino na feki nazitofautishaje?

Kwa PS4 feki ziko nyingi kuliko orijino, mimi naanza na uzito, feki ni nyepesi kama imejazwa hewa. Alafu alama za vitufe, zile pembetatu na duara, kwenye orijino zimezama ndani ya plastiki, kwenye feki nyingi zimechapwa juu ukikwaruza na kucha zinatoka. Ile sehemu ya kugusa katikati ijaribu kwenye gemu, feki nyingi inabonyea tu lakini haisikii kidole. Chomeka hedifoni kule chini usikie kama sauti inatoka.

Feki sio dhambi ukijua ni feki na umelipa bei ya feki. Mimi ninayo moja ya wageni.

Na swali dogo linalokuja na hili: pedi ya PS4 kwenye PS5 inacheza gemu za PS4 tu, gemu ya PS5 yenyewe itaikataa.

Ndugu yangu yuko nje anataka kuniletea, kuna shida ya umeme?

PS4, PS5 na Switch nyingi hazina shida, ila soma kistika mgongoni mwa mashine au kwenye chaja. Ikiandikwa 100-240V chomeka tu na badilisha waya, wa PS4 Slim na PS5 ni ule wa kichwa cha namba nane unaopatikana mpaka kwa muuza redio. Ikiandikwa 100V au 120V peke yake, ambayo utaikuta kwenye mashine za zamani kama PS2 za Japan au lile tofali la umeme la Xbox 360 za Marekani, ukiichomeka kwenye 230 yetu utasikia mlio mmoja tu na hadithi imeisha. Hapo unahitaji transfoma ya kushusha.

Kama ndugu yuko Oman au Dubai mwambie aangalie kama diski anazoleta zina lugha ya Kiingereza ndani, kava la Kiarabu peke yake lisikutishe. Na diski za huko ni nzima tu, soko letu kubwa la hivi vitu linapita Dubai toka zamani.

## Diski, akaunti na mambo ya pesa

Diski au kushusha?

Diski. Nitabishana na yeyote.

Gemu kubwa za sasa ni GB 50 mpaka zaidi ya 100, sasa piga hesabu na bando lako. Alafu gemu uliyoshusha huwezi kuiuza, kuikopesha wala kubadilishana. Mimi gemu zangu nyingi nimezipata kwa kubadilishana, nacheza namaliza, nampa mwenzangu na buku kumi juu nachukua nyingine, kwa mwaka mzima naweza nikawa nimenunua gemu mpya mbili tu na nimecheza kumi na tano.

Kingine watu hawajui, vitu vya dijitali vinaondolewa dukani. FIFA za miaka ya nyuma mpaka FIFA 23 ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni 2023 wakati EA, kampuni inayotengeneza, walipoachana na jina la FIFA, leo ukiitaka ni diski tu. Aliye nayo anatabasamu.

Kushusha kunashinda kwenye ofa kubwa. Gemu ya miaka mitatu iliyopita kuikuta inauzwa kwa dola kumi ni kawaida kabisa, na kama una faiba basi sina cha kubishana.

Diski ya Marekani inacheza kwenye PS4 ya Ulaya?

Inacheza, diski za PS4 na PS5 hazifungwi na nchi. Tatizo linakuja kwenye nyongeza, yani ramani mpya, wahusika, pointi za kununua, hivyo lazima viendane na eneo la diski. Angalia alama ya umri, kava lenye PEGI ni la Ulaya, lenye ESRB ni la Marekani. Nunua diski zinazofanana na akaunti yako ukiweza. Kama gemu huinunulii nyongeza yoyote usijisumbue.

Nifungue akaunti ya nchi gani, mbona Tanzania haipo?

Haipo, Kenya haipo, Uganda haipo, ukifungua ile orodha ya nchi za PlayStation unatafuta mpaka unachoka. Kwahiyo watu wanachagua Uingereza, Marekani, Afrika Kusini au Emirati. Fikiria kabla ya kubonyeza maana ukishachagua nchi huibadilishi, utafungua akaunti nyingine uanze upya na vikombe vyako vyote (trophy za gemu) vibaki kule.

Mimi natumia Uingereza, kwa sababu diski nyingi zinazonifikia ni za PEGI na kadi za pauni nazipata bila shida. Washkaji wa Marekani wanasema ofa zao ni nzuri zaidi. Chagua kulingana na kadi unazoweza kuzipata kirahisi pale ulipo, na hapo tunaingia swali linalofuata.

Nalipaje?

Kadi ya benki ya hapa mara nyingi inakataliwa kwenye akaunti ya nchi nyingine, inategemea na siku imeamkaje. Njia isiyo na stresi ni kadi ya zawadi, zile zenye kodi ya herufi na namba kumi na mbili, na lazima ziwe za nchi ileile ya akaunti, namba za dola haziingii kwenye akaunti ya pauni. Nunua kwa mtu au duka ambalo washkaji zako wameshanunua, na usimtumie pesa mtu aliyekufuata mwenyewe inbox.

Kuna jamaa anauza gemu za akaunti kwa bei chee, ni halali?

Hii inataka maelezo. Jamaa ananunua gemu kwa akaunti moja, anakupa email na neno la siri, unaingia kwenye mashine yako unashusha, unaiweka kama mashine kuu ya ile akaunti, alafu unacheza kwa akaunti yako. Alafu gemu hiyohiyo amewauzia na wengine wawili. Kiufundi inafanya kazi, PlayStation inaruhusu akaunti kushirikiana kwenye mashine kuu.

Lakini akaunti sio yako. Jamaa akibadilisha neno la siri, akigombana na mteja mwingine, au akaunti ikifungiwa, gemu inakuwekea kufuli na huna pa kulalamika. Masharti yenyewe ya kampuni hayaruhusu kuuziana akaunti. Nimewaona waliokaa miaka miwili bila shida na nimewaona waliokaa siku tisa. Kwa mtu unayelala naye nyumba moja, kaka yako, shirikianeni tu kwa raha. Kwa mtu wa mtandaoni, hiyo pesa ihesabu kama umekodi, sio umenunua.

PS Plus ni lazima?

Plus ni usajili wa kulipia wa PlayStation. Ukitaka kucheza FC onlaini na watu, ndio. eFootball na Fortnite ni za bure na hazidai Plus. Kucheza na mwenzako mmekaa kochi moja, hapana, haijawahi kuwa lazima. Na zile gemu za kila mwezi unazopewa, ukiacha kulipa zinafungwa mpaka ulipe tena, nazo ni za kukodi.

Iliyochipiwa je?

Yani iliyovunjwa ulinzi wake ili icheze gemu za kunakili. Utaingiziwa gemu kibao kwenye hadidiski na hutaingia onlaini, na ukiiapdeti kwa bahati mbaya imekwisha. Ni wizi wa kazi za watu pia, tusijifanye hatujui. Kilichonitoa huko mimi lakini sio uadilifu, nilikuwa na gemu 60 kwenye hadidiski na sikumaliza hata moja, nilikuwa nafungua nacheza dakika kumi nafungua nyingine.

## Kucheza

FC au eFootball?

Swali la kuvunja ndoa. eFootball ni ile gemu ya mpira ya PES iliyobadilishwa jina 2021 ikawa bure, na ilipotoka ilikuwa kichekesho, sura za wachezaji zilitisha watoto. Imerekebishwa sana tangu hapo. Mguso wa mpira mimi bado naona ni mtamu kuliko FC, mpira una uzito. FC ina ligi, majina, viwanja, na watu wote wako huko.

Nenda kibanda cha karibu uangalie wanacheza nini. Narudi palepale, unanunua na mtaa.

Ninunue FC kila mwaka?

Hapana. Inatoka Septemba, bei juu, ikifika Machi diski imeshuka, ikifika Julai ni kama zawadi. Mimi nanunua mwaka mmoja naruka mmoja, na nanunua Februari. Kama unacheza Ultimate Team (ile ya kujenga timu kwa pakiti za wachezaji) basi umeshaliwa, timu haihami kwenda gemu mpya, kila Septemba unaanza na wachezaji wa mchangani. Pesa ya kununua pakiti naiona kama kubeti ambako hata ukishinda hulipwi.

Nipe gemu zisizo za mpira

Kama mna pedi mbili: It Takes Two, hii haichezwi peke yako kabisa, lazima wawili, nilicheza na mke wangu ambaye alikuwa anaichukia PS na ndio akaniuliza yeye tunaendelea saa ngapi. Tekken kwa kelele. Peke yako usiku: Red Dead Redemption 2, nenda taratibu usikimbilie misheni, panda farasi tu. Gran Turismo 7 ni nzuri mno ila inataka intaneti karibu muda wote hata ukicheza mwenyewe, bila mtandao inakuachia vitu vichache, ujue kabla.

Pedi inajiendea yenyewe, mchezaji anatembea sijagusa

Analogi imeliwa. Ndani kuna kipande kidogo cha kusugua kinachosoma mkao wa kidole, kinachakaa. Jaribu kusafisha kwanza, hewa ya kopo na spiriti kidogo, wakati mwingine ni vumbi tu. Ikirudi fundi anabadilisha kwa kuchomelea, mwambie kama anazo za sumaku aweke hizo maana hazisuguani na hazichakai namna hiyo. Kwenye mipangilio ya baadhi ya gemu unaweza kuongeza sehemu mfu ya analogi (msogeo mdogo usiosomwa) ikakusogeza wiki kadhaa. Joy-Con, zile pedi ndogo za Switch, ndio mabingwa wa huu ugonjwa.

Umeme ukikatika ghafla inaharibika?

Inaweza, hasa PS4 yenye hadidiski ya kuzunguka ikiwa inaandika. Ikigoma kuwaka vizuri, izime, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili kama sekunde saba hivi, chomeka pedi kwa waya, alafu kwenye PS4 chagua namba 5 ijenge upya orodha yake. Haifuti gemu. Imeniokoa mara nne.

Weka frijigadi au stabilaiza, umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaua zaidi kuliko kukatika. Na usiiache kwenye usingizi, zima kabisa.

Inakula Luku kiasi gani?

PS5 kwenye gemu nzito ni kama wati 200, kwahiyo saa tano ni yuniti moja, TV haijahesabiwa. PS4 Slim ni karibu nusu yake. Switch ikiwa kwenye TV haifiki wati 20, mwenye sola ndogo achukue hiyo bila kufikiri.

Inaunguruma na inapata joto

Vumbi. Iweke juu ya meza ngumu, sio kwenye zulia, sio ndani ya kabati la TV na kitambaa cha kufuma juu yake. PS4 isafishwe na ibadilishwe ile dawa nyeupe ya kwenye prosesa kila mwaka mmoja na nusu hivi. PS5 usiruhusu fundi wa kubahatisha, ndani hakuna dawa nyeupe, kuna metali ya maji, ikimwagika kwenye bodi umeiua. Nje unaweza mwenyewe, yale mabawa meupe yanatoka kwa mikono, na kuna vitundu viwili vya kunyonyea vumbi kwa mashine.

TV yangu sio 4K

Cheza tu. Tafuta kwenye TV ile hali ya gemu uiwashe, hiyo inapunguza kuchelewa kati ya kidole na picha kuliko 4K itakavyokusaidia. Ila kama bado una TV ya chogo, PS4 na PS5 zinatoa HDMI peke yake.

## Kesi ngumu

Nimenunua PS5 ya dijitali, naweza kuongeza diski?

Ya kwanza ya 2020, hapana, pole. Ile iliyopungua mwili ya 2023 na Pro, ndio, unanunua kile kipande unakipachika ubavuni, lakini mara ya kwanza lazima uwe na intaneti ili kitambulike. Ukinunua kipande kilichotumika kijaribu hapohapo kikiwa onlaini.

Nimenunua diski lakini inataka kushusha GB mia, kwanini?

Kuna diski ni danganya toto. Call of Duty ya 2022, Modern Warfare II, diski yake ya PS5 ilikuwa na MB kama 70 tu, gemu yote inashushwa. Kabla ya kununua angalia nyuma ya kava kama wameandika intaneti inahitajika.

Kinyume chake zipo zenye diski mbili. Red Dead Redemption 2 ya PS4 na The Last of Us Part II zina diski ya data na diski ya kuchezea. Nimeona mtu ameuziwa moja tu, tena ile ya data. Fungua kava uhesabu.

Hadidiski imejaa

PS4 inakubali ya nje ya USB 3 kuanzia GB 250 mpaka TB 8. Au fungua ubadilishe ya ndani, ni ileile ya laptop ya inchi 2.5, ukiweka SSD (hifadhi isiyozunguka, ya kasi) menyu inapumua. Kwa PS5, hadidiski ya nje inahifadhi gemu za PS5 lakini hazichezi kutoka huko, za PS4 zinacheza. Nafasi ya kweli ni kuweka SSD ya M.2 (ile ndogo nyembamba kama kadi) ndani.

Nataka kufungua kibanda, nianze na PS5?

PS4. Wateja wanalipa kwa mechi, hawalipi kwa manyoya ya farasi. Bajeti yako iende kwenye pedi, nunua mbili za akiba kwa kila mashine maana watoto wakifungwa goli pedi ndio inapigwa. Ada za PS Plus huzihitaji. Weka kanuni ya umri na saa za shule, mzazi mmoja akija na serikali ya mtaa biashara imekufa.

Mwanangu wa miaka nane anataka GTA kwa sababu rafiki yake anayo

Kwenye kava kuna namba 18, sio bei. Mfungulie akaunti ya mtoto chini ya yako, weka kikomo cha muda na kizuizi cha kununua, na usiache kadi yako imehifadhiwa humo.

Nataka kuuza nipandie nyingine, lini?

Kabla ya Desemba, Novemba hivi, watu wanatafuta zawadi. Tunza boksi na risiti toka siku ya kwanza, vinaongeza bei kuliko unavyodhani. Hamisha sevu zako kwenye flashi kama ni PS4, PS5 inataka Plus kuziweka mtandaoni au uhamishe moja kwa moja kwenda PS5 nyingine. Ondoa mashine kuu kwenye akaunti, rudisha kama mpya, alafu iwashe mara moja uone inauliza lugha. Diski usiziuze pamoja na mashine, muuzie mtu mwingine moja moja. Na pedi yako nzuri mbadilishie na ile ya wageni kabla mnunuzi hajaja, umwambie ukweli kuwa ni feki umpunguzie bei, mimi hufanya hivyo na hakuna aliyewahi kukasirika.